Mikono ya Hadassa

Jumamosi hiyo, kabla ya saa tatu asubuhi, Mama Berthe alikuwa ameshaziba mlango wa nyumba yake kwa mwili wake mwenyewe. Aliweka kigoda juu ya kizingiti, akakikalia kwa upana wote Mungu aliomjalia, akampakata mjukuu wake Hadassa, akangoja. Pale kambini Panda, mtaa wa watu wa migodi, watu wameuzoea mlango ule kuwa wazi tangu asubuhi. Anayetaka chumvi anaingia, anayetaka habari anaingia, na asiyetaka chochote anaingia pia, maana viti vipo. Siku hiyo hakupita hata paka.

"Mama Berthe, leo kuko nini?" aliuliza jirani yake Clotilde, aliyekuja na chai yake mkononi, kijiko ndani ya kikombe, kama kila Jumamosi.

"Kaa hapo pembeni. Leo niko na kazi na mudomo yako."

Anayejua mambo ya ukwe alikuwa na haki ya kutetemeka. Kwao Mama Berthe, mwanaume aliyeoa hamgusi mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hamwambii neno moja kwa moja. Neno lake linapitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo mtoto aliyekaa juu ya mapaja ya mama mkwe yuko mahali ambapo mikono ya baba yake haifiki. Mama Berthe alikuwa hana ukuta wala askari. Alikuwa na mapaja.

Hadassa alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alizaliwa mzima, akatembea, akasema "mama", "tata" kwa baba yake, na "mukate", na akiwa na mwaka mmoja na nusu maneno yakaanza kumpotea moja moja, kama mtu anayehama nyumba kimyakimya. Baada ya maneno ikaondoka mikono. Hakushika tena kijiko, hakushika tena nguo ya mama yake. Mikono yake ilikutana kifuani, ikaanza kusuguana na kujikunja, ikasuguana na kujikunja, na haikuacha isipokuwa akilala.

Hapo ndipo Mama Berthe alipofanya kosa lake.

Ilikuwa sikukuu ya ubatizo wa mtoto wa Clotilde, uwanja umejaa, masahani yanazunguka. Wageni wakaanza kumtazama mtoto, wakaanza kunong'ona. Mama Berthe hawezi kuvumilia sherehe ipoe mbele ya macho yake, na moyoni alikuwa anaona haya na hofu. Glodie, binti yake, mama wa Hadassa, kabla ya kuolewa alikuwa anaosha mawe mtoni: wachimbaji wanaleta madini na udongo wake, wanawake wanayasugua kwa mikono ndani ya maji mpaka yanabaki safi. Basi Mama Berthe akasema kwa sauti, "Mumuache, anaosha mawe kama mama yake. Shida hatujui anamuoshea nani." Watu wakacheka mpaka chakula kikawapalia. Sherehe ikapona.

Neno lile halikubaki uwanjani. Lilikwenda bombani na ndoo za maji, likatoka bombani likaenda sokoni, likapanda lori la magunia mpaka Kakanda, ambako mkwe wake Éphraïm na ndugu zake walikuwa wanachimba shimo lao. Shimo lile lilikuwa linatoa mawe mazuri, kisha likaanza kutoa udongo mtupu. Mwezi uliopita likaporomoka, likamfunika Rolly, mdogo wao wa mwisho. Kwenye matanga mtu mmoja akasema: mtoto wa Éphraïm anawaoshea mawe watu wa chini, wale pepo wa ardhini, ndiyo maana shimo limekauka, na mawe yalipokwisha akawatolea mtu. Pasta wa nyumba ya maombi ya nyuma ya soko la Panda akaagiza siku tatu za kufunga kavu, bila chakula wala maji, kuanzia alfajiri ya Jumamosi. Mtoto aanze kufunga kwao, na asubuhi hiyohiyo aletwe kwake kufunguliwa pepo. Siku ya tatu, alisema, atasema mwenyewe yote aliyoyafanya.

Jumatano Glodie alitoroka kwa mumewe na mtoto mgongoni, akaja kwa mama yake. Alhamisi wote watatu walikuwa mbele ya Dokta Danielle, yule dokta kijana aliyempima Hadassa damu miezi mitano nyuma na kuipeleka mbali, kwa mwalimu wake wa Ubelgiji. Majibu yalikuwa yamefika.

"Mama," dokta alimwambia Mama Berthe, maana ndiye aliyekuwa anauliza, "ndani ya mwili wa mtu kila chembe ina maagizo yote. Ya kutengeneza jicho, ya kutengeneza ini, yote yameandikwa kwenye uzi mmoja mrefu uliokunjwa. Hayapaswi kusemwa yote kwa pamoja. Sasa kuna protini moja, jina lake ni herufi na namba tu, MECP2. Inapita juu ya ule uzi, inatafuta sehemu zenye alama, inakaa hapo na kusema: hapa kimya. Inafanya kazi sana ubongoni. Kwa Hadassa, herufi moja kwenye agizo la kuitengeneza imekosewa, na protini hiyo haifanyi kazi yake. Maagizo mengi yanakwenda ovyo. Yaliyopaswa kunyamaza yanaongea."

Mama Berthe aliwaza nyumba yake siku ya sikukuu: wajomba wanabishana, redio inalia, watoto wanapiga kelele, na mtu anamwuliza mwenzake jina lake mara tatu. "Anayeulizwa hasikii," alisema, "na akijibu, hakuna anayemsikia."

"Karibu hivyo," dokta akasema.

"Atapona?"

"Hapana. Kuna dawa ya kifafa, asikose hata siku moja. Kuna chakula laini na maji kidogo kidogo, maana kumeza kunamshinda. Kuna mazoezi. Akitunzwa ataishi. Lakini akikaa siku tatu bila maji na bila dawa, mama, yule hamtamrudisha nyumbani."

Glodie alipotoka kumbadilisha mtoto nguo, Mama Berthe aliinama mezani akauliza lile lililokuwa linamwasha. Imetoka kwa nani? Dokta alisita. Alisema hailetwi na mtu. Ni makosa ya kunakili, yanatokea tu. Na mara nyingi yanatokea kwenye mbegu ya baba, hata awe mzima kama chuma. "Si dhambi yake. Ndiyo maana sipendi kuwaambia watu, wanakwenda kupigania nayo nyumbani."

Habari ya namna hiyo kwa Mama Berthe ni pilipili chini ya ulimi. Alikaa nayo siku mbili, na siku hizo mbili zilikuwa ndefu.

Jumamosi hiyo walikuja watatu. Mbele Kalombo, kaka mkubwa, na mabuti yake ya shimoni. Nyuma yake Éphraïm, macho chini. Kando yao Mama Carmen, mwombezi wa nyumba ya maombi, kitambaa cheupe kichwani, chupa ya mafuta kwenye mkoba. Majirani walikuwa wameshajipanga kwenye ua kabla hawajafika. Panda habari inatangulia miguu.

Mama Berthe alitazama ukuta wa jirani. "Clotilde, uliza bakwe wangu kama bamelala muzuri."

"Mama anauliza kama mumelala muzuri," alisema Clotilde.

"Tumelala na kilio," Kalombo alijibu. "Umuambie tumekuja kuchukua mutoto. Pasta anatungoja saa ine."

"Mutoto huyu hapa," alisema Mama Berthe. "Iko juu ya mapaja yangu. Anayemutaka anyooshe mukono."

"Mama anasema..."

"Tumesikia, Clotilde."

Éphraïm alipiga hatua mbili. Aliona kitenge cha mama mkwe wake kimetandazwa chini ya miguu ya mtoto, kimefika mpaka kwenye ngazi, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Mtu mmoja kwenye ua alicheka kwa pua. Kalombo naye alikuwa amefungwa na ukwe uleule. Walitazamana.

"Minye sina bukwe hapa," alisema Mama Carmen. "Minye na Mama Berthe tuliuza makala ya kupikia soko moja."

"Na uzani wako ulikuwa mwepesi," alisema Mama Berthe, bila kuondoa macho ukutani.

Watu walicheka. Mama Carmen hakucheka. Alipanda ngazi, akamshika Hadassa chini ya makwapa, akavuta. Mtoto akakakamaa. Mikono ikasimama kifuani, kinywa kikafunga, pumzi ikasimama nayo. Midomo ikaanza kuwa ya kijivu. Mama Berthe alimbana kwa mikono yote miwili, na kwa muda wanawake wale wawili walikuwa wameshika mtoto mmoja asiyepumua.

"Uachilie," Mama Berthe alisema polepole. "Uachilie, Carmen. Akivutwa anakata pumzi. Uachilie."

Mama Carmen aliachilia. Ikapita kama hesabu ya kumi, kisha pumzi ikarudi kwa kishindo, na mikono ikaanza tena kusuguana.

"Muliona?" Mama Carmen aliwageukia watu. "Mukono wa maombi umekaribia, ile kitu ikajikaza."

Ua uliguna. Mama Berthe alisikia lile guno likigeuka, alilijua. Ameishi na watu miaka sitini, anajua sauti ya watu wanaokuacha. Mapaja yasingetosha.

"Clotilde, pumzika kidogo," alisema. "Hili nitalisema mwenyewe, na kila mwenye masikio achukue. Neno la kuosha mawe lilitoka mu kinywa yangu. Hapa, siku ya ubatizo. Sikuota, sikuonyeshwa na malaika wala na nani. Batu balikuwa banamutazama mutoto wangu, nikasikia haya, nikatafuta kicheko. Ni hivyo tu. Hakuna aliyeona mutoto huyu akiosha mawe ya mutu. Muliona mikono yake, mukasikia mudomo yangu, mukachanganya."

Mama Berthe aligeuza shingo. "Clotilde, ulikuwa hapo."

Clotilde alitazama chai yake. "Nilikuwa," alisema. "Na minye nililipeleka ku bomba." Akakoroga chai, akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Nikaongeza."

"Ukaongeza nini?"

"Ile ya batu ba chini. Neno lako lilikuwa fupi."

Mtu mwingine angedhani mambo yameisha hapo. Mama Carmen alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyesikia jibu alilolitaka. "Bulozi njo inatokaka hivi," alisema. "Kidogo kidogo, na muchezo. Nani alimufundisha mutoto kuosha? Nani alijua anaosha, mbele ya batu bote?"

"Bibi yake," sauti moja ilisema kwenye ua.

"Basi tubebe bote wawili," alisema Kalombo.

Mama Berthe alikuwa ameufungua mdomo ili kumtoa mjukuu shimoni, na sasa walikuwa wanapima shimo kwa watu wawili. Kalombo alisogea mpaka chini ya ngazi. Alikuwa na uchungu, na uchungu ulikuwa umempa sauti. "Kwetu hatuna mutoto wa namna hii. Baba yetu hakuzaa, babu yetu hakuzaa. Kama ni bulozi, imetoka humu. Kama ni ugonjwa, imetoka humu pia. Éphraïm alioa vibaya, na Rolly njo alilipa."

Pilipili ilimfika Mama Berthe kwenye meno. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa la kweli, na lilikuwa la dokta. Ilitoka kwenye mbegu yenu. Kwa neno hilo moja ua wote ungegeuka, Kalombo angerudi Kakanda akiwa hana pa kuficha uso, na kesho bombani wasingekuwa na habari nyingine.

Akamtazama Éphraïm. Hakumtazama usoni, alitazama mikono yake. Kucha mbili hazikuwepo, nyingine zilikuwa nyeusi. Watu walisema alimfukua mdogo wake kwa mikono, koleo aliliona linamchelewesha. Mtu yule alikuwa anabeba shimo lote kichwani. Ukimwekea na hili, mbele ya kaka yake, hatalitua maisha yake yote. Na siku atakaposhindwa kulibeba, atalitua juu ya Hadassa.

Mama Berthe akameza. Alimeza kama mtu anayemeza mfupa.

"Haikutoka kwetu wala kwenu," alisema. "Ilitokea. Dokta alinionyesha mu karatasi. Ndani ya mutu kuko maagizo mengi, na kuko kitu kidogo kinachonyamazisha mengine ili mengine yasikike. Kwa huyu kile kitu hakifanye kazi. Mu kichwa yake bote banaongea mara moja. Muliona nyumba yangu siku ya sikukuu. Mutoto anaishi mu nyumba ile, kila siku, na hawezi kutoka kwenda kupumzika kwa jirani. Mikono yake inajisugua juu hakuna anayeiambia iache. Njo hiyo tu."

Halafu ikatokea sauti ambayo hawakuitegemea.

"Atasema tena?"

Alikuwa Éphraïm. Na hakumtazama Clotilde. Alimwuliza mama mkwe wake moja kwa moja, na Kalombo akamshika bega kwa mshtuko.

Mama Berthe aliona mtego, na haukuwa mtego wa mtu. Pasta alikuwa ameahidi sauti siku ya tatu. Yeye alikuwa na karatasi iliyosema hapana. Angeweza kuongopa, kuongopa kidogo kwa ajili ya amani ilikuwa kazi ya maisha yake.

"Hapana," alisema. "Dokta alisema kusema kama zamani, hapana."

Éphraïm alifumba macho. Mama Carmen aliweka mkono juu ya mkoba wake. "Na Mungu je, naye alisema hapana?" aliuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kuvuta.

"Hadassa anasema."

Glodie alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ndani ya kivuli cha nyumba. Tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa. Sasa alinyoosha mikono yote miwili juu ya mabega ya Mama Berthe: mmoja ulikuwa na kikombe cha maji, mwingine ndizi.

"Mutoto anasema, Baba Hadassa. Weye hujamuuliza. Anasema na macho, ila anakawia. Banyamaze bote, uone."

Kunyamaza ni kitu ambacho ua wa Mama Berthe haukuwahi kufanya. Walinyamaza. Redio ya jirani ilizimwa na mtu asiyeonekana. Glodie aliweka ndizi upande wa kushoto wa uso wa mtoto, maji upande wa kulia, akasubiri. Macho ya Hadassa yalikuwa mbali, juu ya bati. Baiskeli ilipita barabarani na mlio wa mnyororo mkavu.

"Hakuna kitu," Kalombo alinong'ona.

"Ngoja," alisema Éphraïm.

Macho yalishuka. Yalipita juu ya ndizi bila kusimama, yakafika kwenye kikombe, yakakaa. Glodie akabadilisha mikono. Kikombe kikaenda kushoto. Ilichukua muda mrefu. Macho yakakifuata kikombe, yakakaa. Akabadilisha tena. Yakafuata tena, na safari hiyo midomo ya mtoto ikafunguka.

"Iko na kiu," alisema Éphraïm, kama mtu anayesoma barua.

"Ni kiu ya ile kitu," alisema Mama Carmen. "Pasta alisema afunge tangu alfajiri. Musivunje sasa."

Mama Berthe aligeuka kwenye kigoda mpaka kikalia. "Amefunga? Nani alimufungisha?"

Glodie alianza kulia. "Niliogopa, mama. Nilisema kama hatakwenda kule, angalau afunge hapa, kama pasta yuko na haki je? Sikumupa maji toka jana jioni."

"Na dawa?"

"Hata dawa."

Mama Berthe alikuwa amekaa mlangoni saa nzima akilinda nyumba ambayo hatari ilikuwa imeshaingia. Kwenye mapaja yake mguu mmoja wa Hadassa ulicheza, ukaacha, ukacheza tena, mdundo mdogo wa haraka ambao dokta alikuwa amewaonya kwamba ndio mwanzo wa kifafa.

"Lete kikombe," alisema Éphraïm.

"Ukimupa maji," Kalombo alisema nyuma yake, "ku shimo usirudi. Na kaburini kwa Rolly utasema nini, sijui. Minye sitakuwa tena kaka yako."

Éphraïm alisimama pale kwa muda ambao watu wa Panda bado wanaupima tofauti, wengine wanasema ulikuwa mfupi, Clotilde anasema ulitosha kupika ugali. Kisha akapanda ngazi, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, goti lake juu ya kitenge kile, na pumzi ya ua wote ikasikika ikivutwa.

"Kijiko," alisema.

Clotilde alifuta kijiko cha chai kwenye kanga yake, akampa.

Éphraïm alichota maji, akakipeleka kwenye midomo ya mtoto. Nusu yalimwagika kidevuni. Nusu iliyobaki ilikaa kinywani, ikakaa, Hadassa akitazama uso wa baba yake, na watu wote wakitazama koo lake dogo. Mabuti ya Kalombo yalishuka kuelekea barabarani. Hakuna aliyegeuka kuyaangalia. Mama Carmen alibaki bado amesimama, mkono kwenye mkoba, kinywa wazi kidogo kama mtu aliyesahau anachotaka kusema.

Koo likatembea. Maji yakashuka.

"Dawa iko wapi?" aliuliza Éphraïm, na alipokuwa anangoja Glodie ailete, akachota kijiko cha pili.